Ng'ombe Wawili wa Ghorofa ya Nne

Jumamosi, alasiri. Baridi ya Julai imekaza, jua hatujaliona tangu juzi, na nguo nilizofua zimening'inia kwenye korido zikinuka unyevu. Mama yuko sebuleni. Mimi nimejifungia chumba cha ndani na sijui kama naandika kwa sababu nina hasira au kwa sababu nina aibu. Leo nimemfundisha mama yangu kusema hana kitu, na amejifunza vizuri kuliko nilivyotaka.

Nianze mwanzo.

Mama anauza dagaa wa omena na nyanya hapa chini ya ploti, jengo letu la kupanga mtaani Huruma, tangu baba alipofariki. Tunakaa pamoja, ghorofa ya nne, vyumba viwili, maji ya kupandisha kwa mitungi. Mimi ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi kule Umoja. Wakati wa mvua za masika mama alinionyesha uvimbe kwenye titi la kushoto. Alisimama mlangoni ameshika blauzi, kana kwamba ananionyesha doa la mafuta. Nikamuuliza ameuona lini. Akasema, "Si siku mingi." Baadaye nikajua aliuona kabla ya Krismasi, akanyamaza ili asituharibie sikukuu.

Hospitalini walikata kipande kidogo wakakipeleka maabara. Chama changu cha akiba ndicho kilicholipia, na wale wanawake Mungu awazidishie, maana hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitarudisha lini. Majibu yakaja. Daktari hakuzungukazunguka: ni saratani, titi litolewe, na litolewe mapema kabla haijasambaa. Hilo neno "mapema" alilisema mara mbili, na mara zote mbili alinitazama mimi, si mama.

Nilitoka pale na matumaini. Usinicheke. Nilijua tuna bima.

Hii bima mpya ya serikali nakatwa kila mwezi kwenye mshahara, nipende nisipende, kabla hata sijainusa hela yenyewe. Kwa hiyo nilikwenda kwenye dirisha la bima kifua mbele, kitambulisho mkononi. Karani, kijana mpole tu, akanieleza kwamba bima yangu inalipia mume na watoto. Mzazi hayumo. Mama anatakiwa awe na bima yake mwenyewe.

Sina mume. Ningekuwa naye, hata angekuwa mlevi asiyejua mlango wa nyumba yake, angetibiwa kwa jasho langu bila swali. Lakini mama aliyenilipia karo kwa omena, huyo kwa macho ya bima yangu ni mtu baki. Nilitamani kumtukana mtu, nikakosa wa kumtukana, kwa sababu yule kijana si yeye aliyetunga sheria.

Basi nikakumbuka kwamba mama aliandikishwa. Mama Shiro alipita kwetu miezi kadhaa nyuma. Mama Shiro ni jirani yetu wa ghorofa ya pili na ni mhudumu wa afya wa mtaa, wale wanaotembea mlango kwa mlango na simu ya kazi. Watu wasio na mshahara, simu ile huwauliza maswali: unaishi nyumba ya aina gani, unapikia nini, choo ni cha nani, una mifugo. Ukishajibu, mitambo huko inakadiria uwezo wako na kukupangia mchango. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini.

Karani akaingiza namba ya mama. Akakunja uso.

"Huyu mzazi ako poa," akasema. "Mchango wake uko juu. Na unalipa wa mwaka mzima mara moja, ndio ifunguke."

Akanigeuzia skrini nione. Hela kama ile sijawahi kuishika kwa pamoja tangu nizaliwe. Na kulipia upasuaji bila bima ndiyo hata usiseme, hapo tungehitaji kuuza ploti nzima, nayo si yetu. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu, mkoba mapajani, akimsalimia kila muuguzi aliyepita. Huyo ndiye tajiri mwenyewe.

Jioni nikamuuliza alimjibu nini Mama Shiro. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Aliniuliza nyumba yetu iko namna gani, nikamwambia. Ya matofali. Mabati ya rangi. Choo yetu wenyewe. Tangi ya maji. Shamba. Ng'ombe wawili."

"Mama, hapa Huruma?"

"Hapa ni kwa landilodi," akasema, kama mtu anayemweleza mtoto mgumu wa kuelewa.

Na hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, nyumba ya kupanga haihesabiki hata ukikaa miaka thelathini. Hapo ni mahali umelala tu. Ukimuuliza mama kuhusu nyumba yake, atakueleza ile ya Bungoma, alikozikwa baba. Hakukosea swali. Alilielewa vizuri sana, na akaamua kwamba jirani hawezi kuingia kwake na kuondoka akiamini kwamba mjane wa Wafula hana kwao.

Ile nyumba naijua. Baba alichoma matofali yake mwenyewe, akajenga kidogo kidogo kila likizo, na upande mmoja hauna madirisha hadi leo. Tangi ni la amu, ndugu yake baba. Ng'ombe mmoja alichinjwa kwenye matanga ya baba mwenyewe. Wa pili yuko zizini kwa huyohuyo amu, anayemkamua yeye na kunywa maziwa yeye, ila jina ni la kwetu. Mama bado anawahesabu wote wawili. Nilipomwambia mmoja aliliwa, akaniuliza, "Sasa ningesema nini? Kwamba baba yako aliishi bure?"

Nilishuka kwa Mama Shiro nikiwa moto. Nilimkuta anakatakata mboga ya sukuma, nikamwuliza hata kabla ya salamu ilikuwaje akaandika ng'ombe, ilhali alikuwa ameketi juu ya kitanda chetu kwa kukosa kiti.

Akaweka kisu chini.

"Nafula, mimi niliona. Macho ninayo. Lakini mama yako amenipikia chai ya maziwa tupu, amenikaribisha vizuri, ananihesabia vitu za mzee wake mpaka uso inang'aa. Ningemwambia aje? Mama, wachana na hizo, uko maskini? Hata mimi, wewe ukikuja kwangu kuniuliza hivyo, nitakudanganya tu."

Nimekulia ndani ya nyumba hiyohiyo ya heshima. Mgeni akija, mkate unapatikana hata kama asubuhi tulikunywa chai kavu.

Wanaoniudhi ni wale waliokaa mahali penye joto wakatunga yale maswali. Waliamini kwamba maskini ukimuuliza, atakimbilia kusema ni maskini. Hawajui watu. Hawajui kwamba kuna mama atakayekupa kikombe chake kizuri na kukudanganya kwa adabu zote, na jirani atakayeandika uongo huo kwa adabu hiyohiyo, na mwishowe adabu ya wawili hao inageuka kuwa deni la mwaka mzima. Mitambo yao haina mahali pa kubonyeza aibu.

Niliambiwa tunaweza kuomba tukadiriwe upya. Nikaomba. Tukasubiri. Nilifungua kundi la harambee kwenye simu. Watu wakaweka vikono vya maombi, halafu wakaanza kutoka mmoja mmoja kimyakimya. Binamu yangu wa Umoja alinitumia aya ya Biblia na hakutuma kingine. Wakati huo mkono wa mama ulishaanza kumuuma akibeba beseni la nyanya, naye akawa analibeba kwa upande wa kulia akidhani sioni.

Kila siku niliyosubiri nilimsikia yule daktari na "mapema" yake.

Hatimaye Mama Shiro akaniletea habari: ameruhusiwa kuja Jumamosi kuuliza upya. Leo. Jana jioni, baada ya chakula, nikamkalisha mama nikampa somo. Nikamwambia akiulizwa nyumba, aseme hii. Choo, aseme tunatumia pamoja na ploti yote. Ng'ombe, aseme hana, kwa sababu kweli hana.

"Mbele ya Mama Shiro," akasema.

"Mbele ya Mama Shiro. Mama, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, Nafula. Hiyo methali imenipita."

Tukacheka. Yeye hunishinda hivyo kila mara. Halafu nikamwambia kitu ambacho najutia ukali wake: kwamba heshima ya baba haitamtibu. Akaacha kucheka, akasema amesikia.

Leo asubuhi nilitoa vitambaa vya mapambo na kuvificha chini ya godoro. Nikashuka kununua mkaa, kurudi nikavikuta vimerudishwa, vimenyooshwa, na sufuria ya chai iko jikoni ina maziwa. Nimeamua kumwachia hayo. Simu haiulizi kuhusu vitambaa.

Mama Shiro alipofika hakutaniana na mtu, yeye ambaye kwa kawaida akiingia lazima atutanie kwamba sisi Waluhya, kwa kupenda ugali, tumemaliza unga wa mtaa. Aliketi, akafungua simu, akaanza kusoma maswali bila kuinua macho. Nadhani alitaka kumsitiri mama. Nyumba unayolala, kuta zake ni za nini? Mama akajibu. Mnapika kwa nini? Mkaa. Choo? Cha ploti. Alijibu wima, mikono magotini, kama anasoma ahadi kanisani.

"Mko na ng'ombe, mbuzi, kondoo?"

Nilisikia watoto wa jirani wakigombana kwenye ngazi. Nikafikiri, sasa atawataja, atawataja wote wawili na tumekwisha.

"Hatuna," akasema.

Mama Shiro akabonyeza.

"Shamba?"

Hili sikuwa nimemfundisha. Shamba lipo. Ni dogo, lakini lipo, na baba amelala ndani yake chini ya msalaba wa saruji. Hata ningeulizwa mimi ningesema lipo, kidogo, basi. Lakini mama alikuwa ameshaanza kujivua kila kitu na hakujua pa kuachia.

"Hatuna."

Mama Shiro akainua macho kwa mara ya kwanza. Alijua. Alikuja Bungoma kwenye mazishi ya baba, alikula chakula kwenye shamba lile. Akamtazama mama, akanitazama mimi. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari kusema neno. Nikaufunga. Nilipiga hesabu ya titi na ya shamba, nikaufunga. Naye akarudi kwenye simu, akabonyeza.

Aliondoka bila kumaliza chai. Mlangoni alimshika mama mkono kwa mikono yote miwili, akasema tu, "Haya, Mama Nafula." Mama alikuwa anatazama kile kikombe kilichobaki nusu, na katika maisha yangu sijawahi kumwona amechukizwa na kikombe.

Meseji iliingia kabla sijamaliza kupiga deki. Mchango umeshuka, umeshuka sana. Bado ni wa mwaka mzima, ila chama kikinisaidia tena tutaufikia. Nimewapigia, wamekubali. Jumatatu tunalipa, na Jumatatu hiyohiyo naenda naye hospitali kuomba nafasi ya upasuaji.

Ningepaswa kufurahi. Nimeingia sebuleni nikamwambia kila kitu, nikasikia sauti yangu ikiwa juu mno, kama ya mtu anayeuza bidhaa. Akaitikia kwa kichwa. Akasema ni sawa, Mungu ni mwema. Akaniomba nisiwaambie watu wa nyumbani alichosema. Nikaahidi.

Nilipogeuka kuondoka akaniita.

"Nafula. Nikikufa kwa hiyo meza yao ya upasuaji, mtanizika wapi? Si nimesema hatuna shamba."

Alisema kwa mzaha, au alitaka iwe mzaha. Alicheka kidogo akingoja nami nicheke, kama jana. Nimeshindwa. Nimesema naenda kuanua nguo, nikaingia huku, nikafunga mlango, na nguo ziko huko nje bado zimelowa.

Sina hekima yoyote ya kufungia leo. Nina uchungu tu. Nimewachukia watu nisiowajua majina kwa kumfanya mama achague kati ya titi lake na kaburi la mumewe, na nimejichukia mimi niliyemshika mkono akichagua. Lakini kama angeulizwa tena kesho, ningemfundisha tena. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jumatatu nitamtangulia kwenye foleni. Nitapiga kelele pale nitakapohitaji kupiga kelele, na nitapiga magoti nikilazimika. Mama atarudi kwenye ngazi hizi kwa miguu yake, kwa sababu lile swali lake sitaki kamwe kulijibu.