Diski Iliyotunza Sauti ya Mama Mkwe

Shangazi Miriam, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni karani, naishi Nzuguni na mke wangu Lea, na sebuleni tuna kompyuta kuukuu isiyozimwa, ndiyo ghala la picha na nyimbo za nyumba nzima, sasa Lea akawa analalamika kwamba diski zake zinavuma kutwa na kumaliza umeme wa LUKU, nami kwa ujuaji wangu nikaipanga kompyuta ili diski isipoguswa kwa dakika moja isimame ipumzike, nyumba ikatulia, nikasifiwa. Kumbe Lea kila jioni akibangua karanga husikiliza sauti ya marehemu mama yake wa Haneti, niliyoirekodi mwenyewe kwenye kaseti nikiwa nimekaa uani, waya wa maikrofoni umepita dirishani, maana kwa mila za kwetu mkwe haketi chumba kimoja na mama mkwe, na Lea husikiliza kidogo, akasimamisha, akaandika maneno kwenye daftari, akaendelea, basi diski ikawa inalala na kuamshwa, inalala na kuamshwa, miezi minane, na tangu Jumatatu inagonga kok kok ndipo isome, na nakala nyingine hatuna, kaseti yenyewe, nilipokwisha kuihamishia kwenye kompyuta, nilirekodia kwaya juu yake. Lea anasema, "Mashine nayo imezeeka, baba Thomas, tutafanyaje?" Hajui kwamba ni mimi. Nimwambie au ninyamaze?

Baba Thomas, Nzuguni

Marahaba, Baba Thomas, na pole sana. Ulikuwa unamtafutia mkeo utulivu, hilo nimeliona. Lakini dakika moja, jamani! Nimemuuliza Shaaban, fundi wa kompyuta jirani na ofisi yetu, akacheka, kisha akasikitika. Anasema kusimama na kuanza upya kila mara huichosha diski kuliko kuzunguka.

Kwa hiyo acheni kuijaribujaribu. Futa hiyo amri ya kulala, iamshe mara moja tu, nakili sauti yote kwenye diski nyingine na kwenye sidii mbili, uzisikilize mpaka mwisho, na moja uipeleke Haneti kwa ndugu zake. Ikigoma, chomoa umpelekee fundi, usiipige makofi kama redio. Diski nyingine, za picha, zipange zilale baada ya nusu saa, inatosha.

Na Lea mwambie leo, kabla hujagusa chochote. Unaogopa hasira zake, naelewa, lakini ikifia mikononi mwako naye hajui, utakuwa umemnyima hata kuwepo pale sauti ya mama yake inapookolewa au inapopotea. Atalia, na pengine atakununia wiki nzima. Vumilia, umeyataka mwenyewe.

Siku ile ulikaa uani na waya wako kwa kumheshimu mama mkwe. Mpe binti yake heshima hiyohiyo, ila safari hii ingia ndani, ukae naye.