Waifai ya Mama Apolonia

Kizwite, Sumbawanga
Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukiinuka kwenye mswala? Usiniambie "sijambo" la kunifurahisha. Na mwanangu Zuhura, kikohozi kimeisha? Mimi ni mzima, ila baridi ya Ufipa sijaizoea mpaka leo. Nalala na soksi. Naandika kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa, na sikutaka Zuhura asikie habari hii nusunusu.

Ile kazi ya ukarani wa bohari ya dawa huko Lindi, niliyokwambia nimeomba, waliniita kwenye usaili. Tajiri wangu wa mahindi asingenipa ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo wakakubali kunisaili kwa video, Jumatano saa tisa alasiri. Furaha niliyokuwa nayo! Miaka mitatu sasa mwanangu ananiita mama wa kwenye simu. Nikasema safari hii siachii.

Simu yangu kubwa ilitumbukia kwenye ndoo, nimebaki na kitochi kisicho na intaneti, basi nikaazima laptopu kwa mwenzangu wa kazini. Waifai iko kwa mwenye nyumba wangu, Mama Apolonia, Mfipa wa Milepa, mwalimu mstaafu. Mwanawe ndiye aliyemfungia ruta, mashine ya kurusha waifai, sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Chumba changu ni cha uani, tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Jumapili asubuhi nikaenda kuomba pasiwedi. Akaigeuza ruta, nikasoma kikaratasi cha chini yake. Mara ya kwanza ikakataa, kumbe nimechanganya herufi kubwa na ndogo. Ya pili ikaingia. Nikatazama video nzima ya kusuka ukili bila kukwama, nikajiona fundi.

Jumatatu narudi kutoka kazini alasiri, nafungua: jina la waifai halipo! Jumapili niliona hata majina ya majirani watatu; sasa hakuna hata moja. Nikazima, nikawasha. Nikaufuta mtandao ule nianze upya. Wapi! Jumanne hivyo hivyo. Nikatoka na mvua hiyo hiyo mpaka kwa fundi wa simu wa Milanzi. Akaiunganisha laptopu na simu yake, ikashika pale pale. "Dada, mashine nzima hii. Kaulize huko nyumbani." Kibandani kwake muziki unapigwa kutwa, si mahali pa usaili.

Nikarudi nimefura. Nikaingia kwa Mama Apolonia bila hodi, Mungu anisamehe. Nikakuta ruta imechomolewa, imeviringishwa kwenye kitenge, imelazwa kabatini. Kioo cha ukutani kimefunikwa shuka.

"Kumbe ni wewe, mama!"

"Ni mimi," akasema, wala hakushtuka. "Wingu likitanda nachomoa kila kitu. Majirani nao hivyo hivyo. Wewe mtu wa pwani huijui radi ya huku."

Mama, nilimwambia maneno ambayo ungeyasikia ungenizaba kofi. Kwamba ananizibia riziki, kwamba mwalimu mzima anaogopa ngurumo. Msimu huu mvua huja kila alasiri, sasa nitasailiwa saa ngapi? Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia dada yake aliuawa na radi kule Milepa, ameketi anapepeta ulezi, na yeye Apolonia akiwa mlangoni anamsemesha. Nikakosa pa kuuweka uso wangu. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akasema yameisha, niende nikale.

Jumatano saa nane wingu jeusi likapanda kutoka upande wa bondeni. Sikuthubutu kumwomba kitu tena. Nimekaa chumbani na laptopu mapajani, nimeshakata tamaa, mara namsikia: "Mwanaidi! Njoo ukae huku, karibu na mashine yenyewe. Leo naiacha."

Akafunika kioo chake, akavuta kigoda mpaka kwenye soketi, mkono mmoja rozari, mwingine kwenye swichi. Wasaili wakatokea, watu watatu. Ngurumo ya kwanza ikapiga, mabati yakatetemeka. Mmoja akauliza, "Dada, huko kwenu kuna nini?" Nikasema, "Mvua tu, mzee." Mimi najibu habari za dawa zinazokaribia kuisha muda wake, huku kwa pembe ya jicho namwona Mama Apolonia amefumba macho, anasali, kidole hakitoki kwenye swichi. Radi ikamulika nyumba nzima. Nikajua sasa anazima. Hakuzima. Nusu saa nzima, mama, hakuzima.

Nilipowaaga tu akachomoa waya kwa nguvu, akakaa sakafuni akalia. Na mimi nikaketi pembeni yake nikalia.

Leo asubuhi wamenipigia. Wamenichukua! Naanza mwezi ujao. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa yeye. Akanishika mashavu, akasema, "Basi nenda ukamlee mtoto wako." Sijui nitamlipa nini mama yule. Mwombee dua, ingawa yeye ni wa kanisani.

Nisalimie shangazi Tatu, anayekuchotea maji, na mjomba Bakari muuza nazi. Mwambie anitafutie mtu wa kunipokea stendi, mizigo ni mingi.

Zuhura mwambie wewe mwenyewe, polepole. Mwambie kuanzia sasa akilala asogee ukutani, aniachie nafasi.

Mwanao anayefunga mizigo,
Mwanaidi