Sura ya Bwawa la Mtema

Jumatatu, 12 Juni 1995

Nimeanika mpunga tangu asubuhi. Kuku wa jirani hawaniheshimu hata kidogo. Magunia manne yamekauka, la tano bado. Nimetafuna punje, inapondeka badala ya kuvunjika.

Mchana kurasa mbili za maisha ya Mtema. Kazi hii niliianza baada ya Pasaka. Mtema Likwembe alitutawala miaka kumi na tisa, mpaka uchifu ulipofutwa baada ya Uhuru. Kisha akawa diwani, kisha akakaa bungeni kipindi kimoja. Mimi nilikuwa karani wa baraza lake tangu nina miaka ishirini na mbili. Baadaye nikawa mwalimu, na nimestaafu nikiwa mwalimu, lakini yeye hadi leo ananiita Karani. Napenda.

Leo nimeandika habari za mafuriko. Alikuwa na fimbo ndefu yenye alama za moto. Aliichomeka shambani, akatazama maji yamefika alama ipi, akatangaza nani ahame leo na nani kesho. Hakuna aliyebishana na ile fimbo. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kupanda mtumbwi. Siku hizi maji yakija, kila mtu anasubiri redio.

Ninaukumbuka wakati ule kama mgonjwa anavyoikumbuka afya yake.

Alhamisi, 15 Juni

Idete, kwa Mtema. Treni ilichelewa kwa saa tatu. Nilikaa stesheni na mama mmoja mwenye bata wawili, tukazungumza habari za bata.

Mtema amevimba miguu. Akili nzima. Anayemtunza ni Tekla, binti yake, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume.

Nilimsomea sura ya uvuvi. Niliandika kwamba alisimamia sheria za mto bila kumwonea mtu. Aliinamisha kichwa, nikadhani amesinzia.

"Karani," akasema, "Athumani umemweka ukurasa gani?"

Sikuwa nimemweka.

"Basi sura hiyo futa."

Nimerudi na karatasi zangu. Nina hasira. Si kwake.

Ijumaa, 16 Juni

Niieleze kesi yenyewe, hata kama anayeelezwa ni mimi.

Kiangazi mto ukirudi kwenye kingo zake, samaki hubaki kwenye bwawa chini ya kijiji. Enzi zile bwawa lilifungwa. Hakuna mgono wala wavu mpaka ngoma ya Mtema ilie. Siku hiyo waliingia watu wote, na wajane ndio waliotangulia. Mjane alijaza kapu lake kabla mwanamume hajalowa magoti. Nimesoma sheria kadhaa maishani, sijaona nzuri kuliko hiyo.

Desturi ya pili ilikuwa ya baraza. Kabla ya hukumu, mshitaki na mshitakiwa walikula sinia moja mbele ya Mtema. Alisema mtu akiwa anachovya bakuli moja na mwenzake, uongo humkaa vibaya mdomoni. Kesi nyingi ziliisha kabla sinia halijaisha. Wengine walikuja wakipigana, wakaondoka wakigombania kichwa cha samaki.

Mwaka 1951 bwawa liliibiwa siku tatu kabla ya ngoma. Alama ya mtumbwi ilionekana ukingoni. Upande ule mwenye mtumbwi alikuwa mmoja, Athumani Mkwavila, kijana wa rika langu. Mtema alikuwa na hasira kwa ajili ya wajane. Hakuagiza sinia. Ni mara pekee ninayoikumbuka. Athumani alisema hakuvua, akaulizwa mtumbwi ni wa nani, akasema ni wake. Ikawa hukumu. Mtumbwi upasuliwe kwa shoka mbele ya watu, na mwenyewe aondoke Idete asirudi. Mimi niliandika. Mwandiko wangu ulisifiwa.

Baada ya wiki tatu mdogo wake Mtema alikiri. Ni yeye aliyeuchukua ule mtumbwi bila ruhusa, akavua, akapeleka kambale jikoni kwa kaka yake na kusema wametoka mto mkubwa. Mtema alikuwa amekula. Mimi nilikula pale pale kwake, nikaongezewa. Hatukuuliza.

Kwa nini hakumrudisha? Alisema neno la mtawala halirudi. Likirudi mara moja, watu watalirudisha kila siku. Mdogo wake alikemewa faraghani, na sasa ni marehemu. Mimi nilikubaliana na Mtema. Niliona ni busara ya utawala.

Miaka arobaini na minne.

Jumapili, 18 Juni

Bonifasi, mwanawe Mtema, amepita kwangu baada ya misa akitokea Dar es Salaam. Anaomba kugombea ubunge mwaka huu. Ni yeye aliyeahidi kuchapisha kitabu cha baba yake, naye anakitaka kabla ya kampeni. Nilimweleza habari ya Athumani. Hakuijua.

"Mzee wangu," akasema, "mambo ya samaki wa mwaka hamsini na moja yanamsaidia nani?"

Ni kijana mwenye adabu. Aliniletea sukari.

Alhamisi, 22 Juni

Mtema anataka nimtafute Athumani. Amesikia kwamba yuko Chita, mzima. Anasema hawezi kufa vizuri na neno lile liko nje linatembea. Tekla alitoka kwenda jikoni aliposikia neno kufa.

Nilimkumbusha alichoniambia zamani, kwamba neno la mtawala halirudi.

"Mimi si mtawala tena," akasema. "Ndiyo faida pekee niliyoipata kwa kunyang'anywa kiti."

Jumanne, 27 Juni

Chita. Nimempata bila shida, kila mtu anamjua. Mzee mkavu, macho makali, mashamba mawili ya mpunga, wajukuu kila kona. Alikuwa anasuka mgono barazani. Hakuinuka.

"Karani! Bado unaandika? Nilidhani wino umekwisha."

Nilimweleza nilichotumwa. Alisuka mpaka akamaliza mzunguko mzima. Kisha akaniambia mambo, bila kupandisha sauti. Mama yake alifia Idete. Habari ilimfikia siku ya tisa. Hata ingemfikia mapema asingethubutu kwenda. Mke wake wa kwanza alikataa kuhama na mtu aliyeitwa mwizi. Hayo mawili ndiyo aliyoyataja. Mtumbwi hakuutaja.

Nilimuuliza anataka nini. Nilitegemea aseme hataki kitu, kama wazee wanavyosema.

"Sinia langu liko wapi?" akauliza. "Mwizi wa kuku alikula. Yule aliyemkata shemeji yake kwa panga alikula. Mimi nilihukumiwa na njaa."

Masharti yake ni haya. Baraza likae pale pale, mbele ya watu. Yeye na Mtema wale sinia moja, kama watu wawili wenye kesi. Mtema aseme. Mimi niandike, kisha nisome kwa sauti, maana yeye hasomi.

"Uandike yote, Karani. Mwandiko ule ule mzuri."

Njiani kurudi sikusoma gazeti nililonunua.

Alhamisi, 29 Juni

Mtema amekubali kabla sijamaliza kusema. Amechagua tarehe 22 Julai, mpunga wote utakuwa umeshaingia ndani. Amecheka kidogo kuhusu mwizi wa kuku. Anamkumbuka mwizi, anamkumbuka na kuku.

Tekla amekasirika. Baba anakula uji vijiko vitano, atakula sinia na nani? Lakini alipokuwa ananisindikiza aliuliza Athumani ana meno.

Jumatatu, 10 Julai

Bonifasi amenitumia barua kwa mkono wa dereva. Adabu imepungua. Anasema wapinzani wataishika habari hii na kuitembeza kila kijiji. Baba ni mgonjwa, mimi ndiye ninayemchochea. Baraza likifanyika, kitabu hakichapishwi.

Nilikitaka kitabu kile. Niseme ukweli. Nilitaka kuliona jina langu chini ya jina lake, limepigwa chapa.

Jumatano, 12 Julai

Sikuandika chochote. Nimechambua maharage.

Alhamisi, 20 Julai

Mtema amepungua. Sauti imekuwa nyembamba. Tulikaa peke yetu, tukakumbuka barabara ya Kisawasawa, jinsi alivyoshika jembe siku ya kwanza na kulima mpaka viganja vikatoka damu, ili watu waone haya kukaa. Tukamkumbuka yule mkaguzi aliyeogopa viboko wa mtoni akalala juu ya meza ya baraza. Alicheka akakohoa.

Kisha akasema, bila mimi kuuliza, "Ukifika kwa waliokula, andika watu wa nyumba yangu. Inatosha."

Ananifunika. Mtu wa miaka themanini na minne, hawezi kuvaa viatu, na bado ananifunika nisilowe mvua.

Nilisema ndiyo, Mtema. Nimesikia nafuu kubwa. Nimeona aibu kwa nafuu yenyewe.

Jumamosi, 22 Julai

Nimerudi sasa hivi. Niandike kabla sijapanga maneno.

Jengo la baraza siku hizi ni ghala la mpunga, basi tulikaa mbele yake, kwenye mikeka. Nilitegemea watu kumi. Walijaa hadi njiani. Wengi walikuwa hawajazaliwa wakati ule, walikuja kumwona chifu. Athumani alifika na treni ya asubuhi akiwa amevaa kanzu nyeupe na koti. Bonifasi alisimama kwenye gari lake, mbali.

Mtema alibebwa kwenye kiti. Alipofika aliomba ashushwe mkekani. Akakaa sawa na Athumani, goti kwa goti. Bibi mmoja nyuma yangu alisema, "Mungu wangu, Mtema chini!"

Tekla aliweka sinia. Wali, na kambale mzima kwa mchuzi wa karanga. Mtema alinyoosha mkono, ukatetemeka, punje zikamwagika. Hakuna aliyecheka. Athumani alimtazama.

"Kula, Mtema. Nimesubiri tangu ujana. Usiniache nimalize peke yangu, watu watasema nina uroho."

Watu walicheka, Mtema naye. Athumani akaanza kutoa miiba, akawa anamsogezea minofu upande wake. Alifanya hivyo mpaka mwisho, polepole, kama anavyosuka. Mtema alikula kuliko Tekla alivyoona miezi mitatu.

Kisha Mtema akasema. Hakupamba. "Athumani hakuvua. Aliyevua ni ndugu yangu. Nilijua baada ya wiki tatu. Nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kuonekana nimekosea. Nilisema ni utawala. Ilikuwa woga. Waliokula samaki wale ni mimi na watu wa nyumba yangu."

Niliandika. Kalamu ilifika pale, ikasimama. Nilikuwa na maneno ya Mtema, tena ya amri. Nilikuwa na ruhusa. Hakuna mtu hai aliyejua isipokuwa sisi wawili.

"Soma," Athumani akasema.

Nilisimama nikasoma. Nilipofika kwa waliokula nilisoma hivi: Mtema Likwembe, ndugu yake, na karani wa baraza, aliyeandika hukumu. Alijua wakati ule ule alipojua Mtema. Naye akanyamaza.

Mtema alifumba macho. Nilisikia mtu anapepeta mchele nyumba ya pili.

"Kumbe na wewe, Karani," Athumani akasema.

"Na mimi."

Alinitazama. Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kuyapokea.

"Alikuwa mtamu?"

Nikasema kweli. "Alikuwa mtamu. Niliongezewa."

Athumani alicheka mpaka Tekla akamletea maji. Watu wote walicheka, bila kujua kama wanaruhusiwa. Kisha akaacha ghafla. Akasema mama yake amezikwa hapa, na hajui kaburi liko wapi. Akaomba wino, akaweka dole gumba chini ya maandishi yangu. Akamshika Mtema mkono, akaushikilia.

Yule bibi wa nyuma yangu akasema yeye kaburi analijua. Walikwenda pamoja, mguu kwa mguu, na nusu ya watu nyuma yao. Mimi nilibaki na Mtema. Alinigusa bega kwa vidole viwili.

Bonifasi alikuwa ameshaondoka. Sikumwona akiondoka.

Jumatano, 26 Julai

Barua fupi ya Bonifasi. Kitabu hakipo. Hanilaumu, anasema, lakini amenilaumu mistari mitatu.

Inauma. Nilidhani haitauma.

Alhamisi, 3 Agosti

Idete. Treni kwa wakati, ajabu. Mtema kitandani, haketi tena. Tekla anasema Athumani amekuja mara moja, amepalilia kaburi la mama yake, akapita kusalimia na kuketi dakika chache. Hawakuzungumza sana.

Nimeiandika sura upya, kwa mkono, kwenye daftari la kawaida. Itakuwa nakala moja. Niliuliza kama anataka kusikia. Akaitikia kwa kichwa.

Nilisoma kesi yote. Alisikiliza macho wazi, midomo ikinifuata. Hakunisahihisha hata neno. Kisha nikageuza ukurasa, nikaanza sehemu ya sifa, wajane kwenye bwawa, barabara, shule tatu, fimbo ya mafuriko. Nilisoma kwa sauti nzuri, naipenda sehemu ile.

Nilipoinua macho alikuwa amelala usingizi. Nikaendelea kusoma kwa sauti ndogo mpaka mwisho wa ukurasa.