Masuke Niliyodondosha Makusudi

Mjukuu wangu Telesia,

Marahaba, shikamoo yako imefika Mwimbi salama. Bibi yako mzima, mahindi yamestawi, na mimi bado ndiye kijana mzuri kuliko wote hapa. Bisha ukiweza.

Unauliza Agano la Kale lina kazi gani siku hizi. Sikiliza, wewe msomi. Enzi za Mwingereza padri alisoma misa kwa Kilatini, nasi tukamwitikia kama kasuku. Lakini katekista alitusimulia kwa Kifipa habari za tajiri wa Bethlehemu katika Agano hilo, aliyeamuru wavunaji wake wamdondoshee masuke mjane mgeni aliyekuwa akiokota nyuma yao, kisha akamwoa.

Mimi nilikuwa bingwa wa kuvuna ulezi Mwimbi nzima. Basi binti wa mjane mmoja alipokuja kuokota masalia shambani kwetu, nikaanza kumdondoshea. Akakasirika!

"We kaka, nani atamwoza binti yake kwa mvunaji wa mikono inayovuja?"

Wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Sifa yangu ikawa inaanguka pamoja na ulezi, na sifa ile niliipenda sana. Lakini binti nilimpenda zaidi, nikaendelea kudondosha.

Jumapili katekista akairudia hadithi ile. Upande wa wanawake mtu akaangua kicheko.

"Nani huyo?"

"Mimi, mwalimu. Tajiri huyo nimemwona, ila wa kwetu hana hata viatu!"

Ndiye bibi yako. Amechungulia barua hii sasa hivi, anasema nikwambie bado nadondosha, siku hizi ugali.

Babu yako, bingwa