Ukurasa wa Nne

Jumatano, 4 Septemba 1957

Leo nimeisikia sauti yangu. Laiti nisingeisikia! Bwana Alfani wa redioni Mombasa ameleta mashine ya kunasa sauti hapa Msambweni, akaiweka juu ya meza yangu darasani na kuiunganisha na betri ya gari. Anatafuta msomaji wa hadithi. Mmoja tu. Nikasoma ukurasa mzima bila kukosea hata herufi. Utepe uliporudishwa — yule si mimi! Sauti inakuja, inakwenda, inakuja, inakwenda. Bwana Alfani alicheka hata akavua miwani. Kumbe nilikuwa nayumba mbele na nyuma, vile vile tulivyozoea chuoni tangu utotoni kila tukishika msahafu. Nikirudi nyuma, maikrofoni inanipoteza. Tena ati naghani! Hadithi si juzuu, akasema.

Kisha akaja Tsuma. Tsuma wa Taru, anayemletea Kavumbi mchinjaji ng'ombe! Kusoma hajui. Alinisikiliza dirishani, akaomba naye ajaribu. Akasimama wima, akausema ukurasa ule ule kwa moyo. Bwana Alfani akavaa miwani tena, amtazame vizuri. Mimi wivu umenikaa hapa kifuani. Naandika wazi, maana hapa hasomi mtu.

Alhamisi, 5 Septemba

Bwana Alfani amekwenda Vanga, atarudi Alhamisi ijayo kuturikodi. Ameniachia hadithi mpya aliyoitunga mwenyewe. Kurasa nne, nakala moja. Mzee anamngoja mwanawe aliyekwenda kazini asirudi. Ukurasa wa nne mwana anarudi, na mzee hamtambui. Nimesoma peke yangu, nikaurudia ukurasa ule mara tatu.

Amesema nimsomee na Tsuma aihifadhi, kisha kati yetu atamchukua yule atakayemliza yeye. Nimsomee! Mimi! Miaka sita nafundisha alifu na be za Kizungu kwa watoto wenye kamasi, halafu nimpe mchunga ng'ombe ngazi ya kunipandia kichwani.

Ijumaa, 6 Septemba

Mazoezi. Mwanatumu, dada yangu, amenifunga kwa leso kwenye nguzo ya ua nisiyumbe. Kiwiliwili kilitulia, kichwa kikaanza kuyumba chenyewe. Akacheka weee! Halafu: "Kaka, mbona Tsuma hayumbi?"

Nikamwambia akapike.

Jumapili, 8 Septemba

Tsuma alikuja baada ya alasiri na kibuyu cha maziwa. Shikamoo mwalimu, huku ameinama. Nilimpa kiti, akaketi chini mkekani. Namsomea mara moja, mara ya pili anairudisha yote, pumzi kwa pumzi. Ningemchukia kwa raha kama angekuwa na kiburi. Hana!

Nilimuuliza kajifunzia wapi. Malishoni, anasema. Ukipayuka ng'ombe wanatawanyika, ukihangaika wanahangaika nawe. Basi husimama akasema nao taratibu. Akanipa na mafunzo: "Mwalimu, mchague mtu mmoja, umwambie yeye tu." Nikajaribu kwa Mwanatumu. Imesaidia! Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Na huyo Mwanatumu alisimama mlangoni muda wote, ungo mkononi, mchele haupepeti. Kwangu hajawahi kusimama hivyo.

Jumanne, 10 Septemba

Kurasa tatu amezihifadhi. Akauliza: "Ndio mwisho, mwalimu?"

Nikasema ndio.

Neno moja tu. Lilinitoka kabla sijafikiri — uongo! Nililifikiri tangu Jumapili. Ukurasa wa nne nilikuwa nimekwisha kuukunja na kuutia mfuko wa kanzu.

Tsuma akasema, basi mzee anabaki akingoja tu, maskini. Akajifuta macho kwa kiganja.

Jumatano, 11 Septemba

Sikula. Mwanatumu anauliza naumwa nini. Kichwa, nikamwambia.

Alhamisi, 12 Septemba

Naandika kwenye ngazi ya darasa. Tsuma ametangulia, mimi nimepewa fimbo nifukuze kuku wasije wakasikika kwenye utepe. Mlango umefungwa, dirisha wazi. Kila neno nalisikia.

Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Bwana Alfani anapenga kamasi. Ya Rabi, anamliza tayari! Wa tatu — umekwisha.

Bwana Alfani anamwambia aendelee. Anaambiwa, bado ukurasa wa nne, mwalimu hakukusomea? Mkono wangu uko mfukoni, karatasi imeloa jasho.

Tsuma amejibu. Sauti ile ile ya taratibu: "Alinisomea yote, bwana. Nimesahau mimi. Kosa langu."

Hasahau huyo! Neno hata moja hajapata kusahau. Ameelewa, na ameniokoa!

Mlango umefunguliwa. Bwana Alfani ameniita niingie na kurasa zangu, zamu yangu, na akishasikia nne kamili hana haja ya kutafuta zaidi. Ndicho nilichokitaka! Tsuma ametoka akaichukua fimbo mkononi mwangu, kanitazama usoni, mfukoni hakutazama. "Ingia, mwalimu. Kuku nitawafukuza mimi. Nami nitasikia mzee aliishia wapi."

Sasa anawazuia kuku pale chini ya dirisha, sikio kalitega ndani.

Naitwa mara ya pili. Ukurasa nimeutoa, uko juu ya goti, na mstari huu naona unapinda, sijui kwa nini — ah! Nayumba. Nimekaa hapa ngazini na nayumba, mbele, nyuma, mbele