Saki Yangu ya Unga na Kinyongo cha Bana Chisanga

Mama Marlène mpendwa,

Naomba unipe sikio lako kidogo, na jina langu usilitaje gazetini maana hapa Kashikishi watu wana macho, kwa sababu nimefika mahali ambapo mfuko wa kubebea nyanya unataka kuharibu harusi ya mtoto wangu, na mume wangu anacheka tu, na mimi usingizi umenikimbia.

Mimi ni mwanamke wa Kilwa ya Congo, ng'ambo ile ya ziwa, nimeolewa na Ghislain anayevusha bidhaa kwa boti, tuko hapa upande wa Zambia miaka mingi sasa, na tulipofika hatukuwa na hata sufuria, na mtu wa kwanza kutupokea alikuwa Bana Chisanga, yaani mama yake Chisanga, anayeuza chisense, wale samaki wadogo wakavu, ndiye aliyetuazima sufuria na kunifundisha Kibemba cha sokoni, na tangu hapo sijanunua chisense kwa mtu mwingine, yeye ni kiliya wangu na mimi kiliya wake, muuzaji na mteja wasioachana, hata mvua ikinyesha nampitia. Kwa hiyo binti yetu Bénie alipochumbiwa na Katongo, kijana wa hapa hapa, hatukukaa kikao: nachimbusa, yule mama wa kumfunda bibi arusi kwa desturi ya Wabemba, angekuwa Bana Chisanga, na yeye aliposikia alipiga vigelegele katikati ya meza za samaki.

Sasa shida ilianza na sashe. Unazijua sashe zetu, hizi nyeusi za plastiki nyembamba mno, ukizitazama vibaya zinapasuka, basi siku moja natoka sokoni nimezishika mikono yote miwili, napita mbele ya kanisa kwaya iko mazoezini, moja ikapasuka, nyanya zikatawanyika barabarani na vitunguu vikaingia kanisani, na Rodwell, mwalimu wa kwaya, mtu mzima na suti yake, akavifuata chini ya mabenchi wakati sauti ya pili inaendelea kuimba, nikaona aibu mpaka miguuni. Na siku hizo hizo shemeji yangu anayevua kule Kabuta alikuwa ametuambia wavu wake umepanda na sashe nyingi kuliko samaki, na mbuzi wa jirani alikuwa amekufa, walipompasua wakakuta tumbo limejaa plastiki, nikasema basi, mimi na sashe tumeachana. Nikachukua saki ya unga wa mahindi iliyokwisha, ile kubwa, nikaifua vizuri, nikaishonea mikono ya kitenge, nikaingia nayo sokoni najiona mke wa waziri. Mama wa nyanya akaisifu, mama wa sombe, yale majani ya muhogo, akaomba nimshonee ya kwake, mambo yakaenda sawa mpaka nikafika kwa Bana Chisanga.

Zamani yeye alikuwa anapima kwa kopo lake, anamimina kwenye sashe, anatia mbasela, ile nyongeza ya kiganja ambayo muuzaji mwema hamnyimi mteja wake, anafunga fundo, ananipa, tunacheka, naondoka. Siku ya kwanza ya saki akamimina, akatia mbasela, mimi nimeshika saki wazi mbele yake nasubiri amalize, akaniangalia, akaongeza kiganja kingine, nikasema natotela, asante, akaongeza tena, nikasema natotela sana, moyoni nawaza ni furaha ya harusi hii, tunakuwa ndugu, na kwetu mtu akiwa anakupa huwezi kuvuta chombo chako mbele ya mkono wake, ni matusi. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo ila hakucheka. Mara ya tatu akatia, akatia, na mimi nashukuru, nashukuru, mpaka akaweka kopo chini na kusema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza mkaa:

"Awe, Bana Bénie. Leo unataka mbasela ya kujaza saki muzima? Basi beba na meza, miye nirudie ku nyumba."

Watu wakacheka, Mama Marlène, soko zima, na mimi damu ikanipanda kichwani, nikajiambia kumbe miaka yote hii bado mimi ni mgeni, ni yule mutu wa Congo aliyekuja kumaliza vya watu, na kabla sijafikiri nikamjibu, "Chisense haiko yako peke yako. Hata kwetu Kilwa iko." Nikaondoka.

Tangu siku ile nanunua kwa mama mwingine ambaye chisense yake ina mchanga, na nikipita kwa Bana Chisanga yeye anatazama bati la paa, na mimi natazama viatu vyangu. Ningeweza kuishi hivyo. Lakini Jumapili Katongo alikuja nyumbani, akakaa pembeni ya kiti, akasema, "Bamayo, Bana Chisanga anasema ile wiki ya kufundisha Bénie atakuwa na kazi mingi." Harusi ni mwezi huu. Bénie amelia, anasema hatafundwa na mwingine, na Ghislain anasema, "Mama Bénie, tupa ile saki. Batu bote banabeba mu sashe, weye njo nani?"

Niambie, nitupe saki yangu nirudi kwenye sashe ili aniridhie? Au nitafute nachimbusa mwingine na huyu nimwachie Mungu? Nampenda yule mama na nimemkasirikia, yote pamoja, na sijui nianze na lipi.

Mimi mwenye shida,
Kashikishi

Dada yangu wa Kashikishi,

Jina lako sijaliandika, kama ulivyoniomba. Lakini umetaja mume, binti, mkwe, mwalimu wa kwaya na saki yenyewe, kwa hiyo jikaze, soko zima litakuwa limekujua kabla ya saa sita.

Pole. Nimecheka kwanza, vile vitunguu vilinishinda. Halafu nikakuonea huruma, kwa sababu kuchekwa mbele ya watu mahali ulipodhani umekuwa mwenyeji kunauma, na kidonda hicho hakina umri. Lakini huruma yangu inaishia hapo, maana umekaa wiki nzima unajiuliza kwa nini Bana Chisanga hataki watu wa Congo, na jibu umeliandika mwenyewe katika barua yako ukalipita.

Rudi uisome. Anapima, anamimina, anatia mbasela, anafunga fundo. Nani alikuwa anafunga? Yeye. Mimi nimekulia Puta, nimenunua chisense maisha yangu yote, na sijawahi kusikia muuzaji wa ziwa hili akimwambia mteja wake "imetosha, nenda". Hasemi. Anafunga. Fundo likishakazwa biashara imekwisha, mbasela imekwisha, mnaagana kwa wema na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Wewe ulipoacha sashe, uliacha na fundo. Saki haifungwi. Amepima, ametia mbasela, na saki bado iko wazi mbele ya uso wake. Wewe unangoja afunge, kwa adabu yako ya Kilwa. Yeye anangoja uondoe, kwa adabu yake ya Nchelenge, wilaya yenu hiyo. Mnatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja anamheshimu mwenzake mpaka basi. Na mtu anayesimama na mfuko wazi baada ya kupewa mbasela anasema neno moja tu hapa: ongeza. Akaongeza. Ukashukuru, ukabaki umesimama pale pale. Sasa mwanamke mwenye moyo afanye nini? Akaongeza tena.

Halafu saki yenyewe ni ya unga, dada yangu. Kiganja kikiingia kwenye sashe ndogo kinaonekana, kinampendeza aliyetoa na aliyepewa. Kikiangukia chini ya saki yako hakionekani kabisa. Yule mama alikuwa anatoa chakula cha nyumbani kwake, anachungulia ndani, anaona kama hajatoa kitu. Alifanya hivyo mara mbili kimya kimya, kwa sababu yako. Mara ya tatu maneno yakamtoka. Wewe ungefika hiyo ya tatu?

Neno moja lingemaliza yote: "inatosha". Unalijua kwa Kiswahili, unalijua kwa Kibemba, na bila shaka Kifaransa chake pia unacho. Hukulisema kwa sababu mbasela ilikuwa tamu, kubali. Ulishukuru sana kwa sababu ulipenda kupewa.

Na lile la Kilwa, usiniambie saki ndiyo iliyolisema. Mtu aliyekupa sufuria ulipokuwa huna kitu, ukamwambia mbele ya wateja wake kwamba hata kwenu vyake vipo. Hapo ndipo alipoumia. Chisense ameshaisahau, nakuhakikishia.

Sasa fanya hivi. Saki usiitupe. Ni kitu kizuri, na mbuzi wa Kashikishi wanakushukuru. Bwana Ghislain, ambaye najua utamsomea hii wakati wa chakula, mwambie nimesema hivi: yeye abebe vitu vya sokoni kwa sashe wiki moja, kwa mikono yake, apite nazo mbele ya kwaya, kisha aje atuambie watu wote ni nani na wewe ni nani.

Lakini saki peke yake haitoshi, na hilo ndilo kosa lenu wote mnaoanza na mifuko hii. Mnashona mmoja mkubwa mnafikiri mmemaliza. Chukua mabaki ya vitenge, ushone vifuko vidogo vyenye kamba ya kukaza mdomoni. Kimoja cha chisense, kingine cha maharage, kingine cha chumvi ukitaka. Kiwe cha ukubwa ambao makopo yake yanakijaza na mbasela inakaa juu ikionekana. Sombe na nyanya zitaingia kwenye saki hivyo hivyo, hazina neno. Samaki mbichi usithubutu kumtia humo, chukua ndoo yenye kifuniko, au kufikia Ijumaa paka wa mtaa mzima watakuwa wanakusindikiza. Saki uifue kila wiki na kuianika juani.

Kile kifuko cha chisense usikishike wewe. Mpe yeye. Apime, amimine, atie anachotaka kutia, na kamba akaze mwenyewe kwa mkono wake. Akishakaza umeondoka. Utaona jinsi uso wake utakavyofunguka, kwa sababu utakuwa umemrudishia kazi yake.

Zile chisense ulizozidishiwa usizirudishe. Mbasela hairudishwi, utakuwa umemtukana mara ya pili. Wala usimtume Katongo, kijana wa watu ameshachoka kukaa pembeni ya viti. Bénie naye usimtume akalie pale ili mama yule aone haya. Na usingoje Jumapili ukamshike mkono kwenye mlango wa kanisa mbele ya wazee, maana hapo atakusamehe kwa sababu ya wazee.

Nenda sokoni mapema kabla wateja hawajajaa. Zunguka meza, upite upande wake wa ndani anapokaa yeye, ukae kwenye benchi bila kununua kitu. Mwambie, "Bana Chisanga, nilikuwa nangoja ufunge. Sikujua kama na weye unaningoja." Mwambie hivyo hivyo, bila kupamba. Akicheka, cheka naye. Asipocheka, usiinuke. Halafu lile la Kilwa liombee msamaha peke yake, kwa jina lake, usilichanganye na habari za mifuko. Harusi usiitaje. Ukianza na harusi atajua umefuata nachimbusa. Mfuate yeye kwanza.

Umeniuliza kama utafute mwingine. Wapo, Nchelenge haijakauka mama wa kufunda. Lakini fikiria atamwambia nini Bénie siku ile. Atamwambia akae vizuri na majirani, akikosana na mtu ampe neno mapema, asiache moyo uchachuke. Bénie atamsikiliza huku akijua kwamba mama yake alishindwa kutembea kutoka meza moja ya soko hadi nyingine. Binti yuko hapo nyumbani anakuangalia, dada yangu. Anafundwa tayari, na anayemfunda ni wewe. Nenda kesho.

Mama Marlène