Udi Usiofukizwa

Jumatatu, 3 Machi 1986
Nimefua, nimeanika, nimeshona kofia hadi robo. Adhuhuri mdogo wangu Salma kanyamaza tena. Macho wazi, vidole vyachezea ncha ya leso. Kabla ya hapo, swali lilelile: "Da Rukia, wasikia udi?" Chetezo baridi. Baadaye hakumbuki kitu.

Mwanawe mchanga yuko Mambrui kwa mama mkwe wake. Wamesema hawamrudishi kwa mwendawazimu. Maziwa yamlowesha gauni. Nawachukia.

Jumatano, 5 Machi
Kesho Mombasa, akapimwe kichwa kwa mashine. Mama asema ni pepo. Mimi sijui. Naogopa mashine isiseme kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitalini waya za mashine zilikataa kushika kichwani. Kumbe alfajiri Mama alimpaka mafuta ya nazi yaliyosomewa dua, utosini mpaka shingoni. Mpimaji akatazama vidole vyake: "Mama, nimpime au nimkaange?"

Mama hakucheka. Akamwosha mwenyewe kwa sabuni ya kipande, juu ya beseni, akilia kimya. Maji yale hakuyamwaga mferejini. Yana dua, hayakanyagwi. Aliyabeba mpaka shinani mwa mwarobaini uani, watu wakimpisha.

Kisha kalamu za mashine zikatembea karatasini. Mawimbi madogo, kama mchanga maji yakitoka. Salma akaambiwa avute pumzi kwa nguvu. Akauliza udi. Kalamu zikaruka, za upande mmoja tu.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari katuonyesha karatasi. Asema ubongo huzungumza kwa umeme. Ndani, usawa wa sikio, pana mahali pa harufu, hofu na kumbukumbu. Pakiwaka penyewe, mtu husikia udi usiofukizwa. Kifafa, bila kuanguka.

Nikauliza: na wale wasikiao sauti, wanaofungwa minyororo? Akasema kwa wengi wao karatasi haionyeshi kitu, lakini ugonjwa umo humohumo kichwani, bado wanautafuta. Nimewawaza njia nzima.

Mama aliuliza moja tu. "Na dawa hizi, atanyonyesha?" Atanyonyesha. Athman, mume wa Salma, alikuwepo. Aliinamisha kichwa.

Jumamosi, 19 Aprili
Vidonge asubuhi na jioni. Mwezi huu Salma hajapotea hata mara moja. Leo Athman kamleta mtoto. Mama kaingia ndani.

Salma alikuwa amempakata. Ghafla akainua uso.

"Da Rukia, wasikia udi?"

Nikanusa. Mama alisimama mlangoni na chetezo kinachofuka, cha kumfukiza mjukuu.

Nasikia, nikamwambia. Sote twasikia.